Benki ilifungwa, lawama nimebebeshwa mimi

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, huku Mbagala Rangi Tatu. Tulikuwa wanachama 28, wengi wetu mama lishe na wauza mboga, na vijana wanne wa bodaboda. Mwanzoni pesa zetu zilikaa kwenye sanduku la kufuli tatu, kila funguo na mtu wake. Wenzetu wa mtaa wa pili walipovunjiwa la kwao usiku, tukakubaliana kikaoni kwamba pesa zihamie benki. Tukafungua akaunti kwa jina la kikundi, watia saini watatu, na mimi ndiye niliyekuwa nazipeleka kila Jumatatu. Siku Benki Kuu ilipoifunga ile benki (jina nimewaandikia pembeni, naomba msilichapishe) tulikuwa na 11,640,000. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tugawane, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Baada ya kusubiri sana, Bodi ya Bima ya Amana, ile inayowalipa wenye akiba benki ikifungwa, ilitulipa 1,500,000, basi. Tukagawana sawa kwa sawa, kila mtu 53,500, ikabaki 2,000 ya nauli yangu na ya katibu. Kikundi kikafa siku hiyo hiyo.

Sasa mwenzetu mmoja kasikia kwamba bima imepanda hadi milioni saba na nusu. Amepita nyumba kwa nyumba akisema kuna milioni sita zetu zimeshatoka na mimi nimezila, eti ndiyo maana nyumba yangu imepigwa bati jipya. Hilo bati kaninunulia mwanangu aliyeko Tunduma. Juzi kulikuwa na msiba, nikaenda jikoni kusaidia kama kawaida. Nilipofika wenzangu wakanyamaza, na mmoja akanichukua kisu cha kumenyea vitunguu mkononi, akaniambia, "Wewe pumzika tu." Nilirudi nyumbani nikalia.

Naomba unijibu, Mama. Hizo milioni sita zipo? Na zile zetu zilizobaki ndiyo zimepotea moja kwa moja?

Mama wa Rangi Tatu, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole zaidi kwa hicho kisu.

Hizo milioni sita hazipo. Hazikutoka, hazikuibwa, na wala wewe hukuzila. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili hata asiyesoma barua hii hadi mwisho alione. Ukurasa huu ukate, uwapelekee.

Mwenzenu hakusikia vibaya. Ni kweli kikomo cha bima ya amana, yaani kiasi cha juu anacholipwa mteja benki ikifungwa, kimepandishwa kutoka 1,500,000 hadi 7,500,000. Tatizo ni kwamba kikomo kinachohesabika ni kile kilichokuwepo siku benki inafungwa. Benki yenu ilifungwa wakati kikomo ni milioni moja na nusu, kwa hiyo malipo yenu ya bima yaliishia pale. Nyongeza ni ya wenye pesa kwenye benki zilizo hai leo, hairudi nyuma. Hata mimi sioni kama ni haki tamu kumwambia mtu aliyeumia jana kwamba dawa imeletwa ila ni ya watakaoumia kesho, lakini ndivyo ilivyo, na sitakudanganya ili upate usingizi.

Sasa kwa nini watu 28 mlilipwa kama mtu mmoja? Hapa ndipo vikundi vingi vinapopata mshtuko. Bima hii humlipa mteja, na mteja ni yule ambaye jina lake liko kwenye akaunti. Jina lililokuwepo ni la kikundi. Kwa macho ya benki na ya Bodi hapakuwa na mama lishe wala vijana wa bodaboda, palikuwa na mteja mmoja mwenye milioni kumi na moja na ushei. Kila mmoja wenu angekuwa na akaunti yake yenye laki nne na kitu, mngelipwa zote, kwa sababu kila mmoja angekuwa chini ya kikomo. Najua unaposoma hapa utajilaumu kwa nini mlifungua ya kikundi. Usijilaumu. Katiba za VICOBA zinataka hivyo, na anayeweka pesa za wenzake kwenye akaunti yake binafsi ndiye anayestahili kunyooshewa kidole. Mlifanya kilicho sahihi na bado mkaumia. Hilo hutokea, na ndilo gumu kumweleza mtu aliyekaa kwake akihesabu bati lako.

Nikwambie kitu kuhusu siku yenyewe. Nilikaa dirishani miaka 26, na katikati ya miaka hiyo, miaka ya 1990, benki niliyokuwa nafanyia kazi ilifungwa. Tulifika asubuhi tukakuta watu tusiowajua wameshaingia. Kitu cha kwanza walichokusanya kilikuwa mihuri. Ilitolewa kwenye droo zetu moja moja, ikahesabiwa, ikatiwa kwenye boksi la karatasi za kuchapia, boksi likafungwa kwa gundi ya plastiki na kutiwa saini juu yake. Nje watu walikuwa wameshajaa. Baadaye tuliruhusiwa kutoka kwa mlango wa nyuma, na hapo akanifuata mzee mmoja wa Feri, muuza samaki, mteja wangu wa kila wiki. Daftari lake la akiba alilifunga kwenye mfuko wa nailoni ili lisishike maji ya samaki. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akaniomba nimgongee muhuri tu. Hakuomba pesa. Alitaka muhuri wa siku ile, ili akifika nyumbani aonyeshe kwamba pesa zilikuwepo. Sikuwa na muhuri. Nilimwambia, "Baba, wamechukua," na akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeuficha.

Kwa hiyo mwanangu, najua unavyoangaliwa.

Watu huuliza kwa nini Benki Kuu haitangazi mapema. Sababu ipo na ni ya kweli. Benki ikitangaziwa kufungwa wiki ijayo, kesho yake foleni itafika barabarani, watakaowahi watabeba zote na watakaochelewa, ambao huwa ni watu wa mbali na wasio na simu ya mkubwa yeyote, watakuta kaunta tupu. Ndiyo maana milango hufungwa ghafla. Ninachokilaumu mimi ni kingine. Benki haifi kwa usiku mmoja. Mikopo isiyolipika inarundikana, mtaji unaliwa kidogo kidogo, na wakaguzi wanaona. Wakurugenzi wanajua, wenye hisa wanajua. Asiyejua ni yule anayepeleka pesa kila Jumatatu. Taarifa za hesabu za benki hubandikwa ukutani na kutolewa magazetini kila robo mwaka, ni kweli, lakini niambie mama lishe gani ataisoma ile safu ya tarakimu akagundua kwamba mtaji umeshuka chini ya kiwango. Neno moja la Kiswahili chepesi mlangoni lingetosha, na halikuwepo enzi zangu, na kwa barua ninazozipokea bado sioni kama limewafikia watu kama wewe.

Nafasi hii niitumie pia kumjibu yeyote kikundini anayedhani ni nyinyi tu mlioonewa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Mwaka uliotangulia, Mei 2017, benki ya FBME ilikuwa imefutiwa leseni. Angalia majina hayo utaona nyingi ni benki za wakulima, za wanawake, za wananchi wa wilaya moja, watu waliochangishana hisa ili na wao wawe na benki yao. Kote huko kikomo kilikuwa 1,500,000 hiyo hiyo. Nimesema hivi si kukufariji kwa maumivu ya wenzio. Nataka kikundi kijue kwamba hesabu mliyolipwa ndiyo iliyolipwa nchi nzima, haikupunjwa Rangi Tatu.

Kuna benki nyingine ambazo hazikupita njia hii. Bank M iliwekwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu Agosti 2018, wateja wakakaa miezi bila kugusa pesa zao, kisha shughuli zake zikahamishiwa Azania Bank mwaka 2019. Twiga Bancorp nayo ilichukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, mwishowe ikaunganishwa na Benki ya Posta. Pale wateja walihama na akaunti zao. Benki yenu haikupata wa kuichukua, ikaenda kwenye ufilisi. Tofauti ya njia hizi mbili kwa mtu wa kawaida ni kubwa mno, na mwenye pesa haulizwi ni ipi.

Sasa swali lako la pili, na hapa nakuomba usome polepole.

Zilizobaki, 10,140,000, hazijafutwa. Mlipolipwa bima, mlichobaki nacho ni dai. Mfilisi kazi yake ni kukusanya kila kilichokuwa cha benki: majengo, magari, samani, pesa zilizokuwa kwenye benki nyingine, na zaidi ya yote, mikopo ambayo watu walikopa hawajarudisha. Kwa zile benki za 2017 na 2018 mfilisi aliyeteuliwa ni hiyo hiyo Bodi ya Bima ya Amana. Kinachopatikana kinatolewa gharama za ufilisi, kisha wenye madai wanagawiwa kwa uwiano. Hilo ndilo linaloitwa gawio la ufilisi. Linaweza kuja mara moja, linaweza kuja vipande vipande baada ya miaka, maana mikopo yenyewe iko mahakamani, na mingine dhamana yake ni shamba lisilo na hati.

Usiwaahidi watu milioni kumi. Tuseme kwa mfano tu, mfilisi amefikia kugawa senti kumi kwa kila shilingi. Nyie mtapata 1,014,000. Gawanya kwa 28, ni 36,000 na kitu kwa kila mmoja. Ni hela kidogo, haiwezi kujenga. Lakini ni yenu, na zaidi ya hapo, siku mtakapoandikiwa barua yenye hesabu hiyo, maneno ya jikoni yatakufa.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika barua kwa mfilisi, kwa jina la kikundi, mwombe akuthibitishie kwa maandishi mambo matatu: salio la kikundi lilikuwa kiasi gani siku benki inafungwa, mlilipwa kiasi gani cha bima na tarehe gani, na dai lililobaki ni kiasi gani. Ulizia humo humo kama kuna gawio lililokwisha kutangazwa kwa benki yenu ambalo hamjalifuata, maana Bodi hutoa matangazo ya kuita wateja na wengi hawayaoni. Ambatisha nakala ya katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichowachagua watia saini, vitambulisho vyenu, na kile kitabu cha benki au taarifa ya mwisho ya akaunti kama unayo. Slipu za Jumatatu, kama hukuzichoma kwa hasira, zipange kwa tarehe.

Umesema kikundi kilikufa. Basi kabla ya barua itisheni kikao, hata kama watakuja kumi na tano. Kama mtia saini mmoja amefariki au amehama, mchagueni mwingine na muandike muhtasari, watu watie saini, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri wake. Mfilisi hawezi kumlipa mtu anayejitokeza tu akasema mimi nilikuwa katibu, na ni vizuri hawezi.

Na siku ya kwenda ofisini, usiende na katibu. Nenda na huyo anayekusema. Mwambie, "Twende wote, nauli nitakulipia." Aingie, akae kiti cha mbele, aulize yeye kwa mdomo wake kama milioni sita zilitoka. Afisa amjibu yeye. Mkirudi, aeleze yeye kwenye kikao, wewe ukae kimya. Akikataa kwenda, nalo litakuwa limeonekana na watu.

Kwa vikundi vingine vinavyosoma hapa: kikomo cha sasa ni 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Kufungua akaunti mbili kwenye benki ile ile hakusaidii, zitajumlishwa. Kikundi chenye milioni kumi na mbili kinaweza kuziweka benki mbili, sita huku na sita kule, na zote zikawa ndani ya bima. Ni usumbufu wa nauli ya safari mbili. Na mkiamua hivyo, iandikwe kwenye muhtasari, isije ikaonekana mweka hazina ana benki yake ya pembeni.

SWALI

Mama, heshima yako. Nilikopa 3,000,000 kununua bajaji. Nilipobakiza 1,200,000 benki ikafungwa, nikaona Mungu kanisamehe, nikanyamaza. Sasa nimeandikiwa barua nilipe. Benki haipo, namlipa nani?

Dereva wa bajaji, Morogoro

JIBU

Unamlipa mfilisi, mwanangu, na barua hiyo ni halali ikiwa imetoka kwake kweli. Benki kufungwa hakuui deni. Deni lako ni mali ya benki kama ilivyokuwa meza na kiti, na sheria inamtaka mfilisi alikusanye. Soma barua ya Mama wa Rangi Tatu hapo juu. Milioni yako moja na laki mbili ni sehemu ya pesa wanazozingoja watu kama yeye, na kila dereva anayenyamaza anazidi kuliweka mbali gawio lao. Sikulaumu kwa kunyamaza, wengi hudhani hivyo. Sasa umejua.

Nenda na barua hiyo ofisi ya mfilisi mwenyewe, uombe mchanganuo wa deni: lililobaki, riba, na tarehe ya malipo yako ya mwisho. Kama na wewe ulikuwa na akiba kwenye benki ile ile, sema, kwa sababu akiba hukatwa kwenye deni kabla ya kulipwa au kudaiwa. Omba kwa maandishi kulipa kidogo kidogo, taja kiasi unachokiweza kwa wiki kwa mapato ya bajaji, kisha ukitimize. Pesa weka kwenye akaunti iliyotajwa kwenye barua rasmi tu. Akikupigia mtu akakwambia umtumie kwenye namba yake ya simu ili akufutie nusu, huyo ni tapeli, hata kama analijua jina lako na namba ya mkopo wako.

SWALI

Shikamoo. Baba yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Kwenye sanduku lake tumekuta daftari la benki iliyofungwa zamani, lina 860,000. Hakuwahi kwenda kudai, alikuwa anaumwa. Tuliache?

Binti wa marehemu, Tanga

JIBU

Marahaba, na poleni kwa msiba. Msiliache. Kama benki hiyo ilifungwa wakati kikomo ni 1,500,000, kiasi hicho kiko chini yake, kwa hiyo baba alistahili kulipwa zote na bima, bila kungoja ufilisi wa mwaka wala miaka. Anayeweza kufuatilia ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto mkubwa kwa ukubwa wake. Kama hamjafungua mirathi, anzieni mahakama ya mwanzo ya pale alipokuwa akiishi, na muhtasari wa kikao cha ukoo pamoja na cheti cha kifo. Mkishapata barua ya usimamizi, iandikieni Bodi ya Bima ya Amana, taja jina la benki, namba ya akaunti na jina la baba kama lilivyoandikwa kwenye daftari. Majina ya wazee wetu mara nyingi yako matatu tofauti: la benki, la kitambulisho na la cheti cha kifo. Kama hayalingani, pelekeni na kiapo kinachosema kwamba ni mtu mmoja, mtaokoa safari.

Daftari lenyewe msilitoe mkononi. Toeni nakala, wakague la asili mbele yenu, mrudi nalo nyumbani.